Darasa la Vichwa: Ni Changamoto au Ni Mzigo Tu?

Hili ninalotaka kulieleza limezua maneno mengi bwenini na hata katika chumba cha walimu.

Muhula uliopita, katika kikao cha baraza la wanafunzi, naibu wa mwalimu mkuu alitutupia swali moja fupi: lile darasa la vichwa, tuliendeleze au tulivunje? Lo! Ukumbi uligawanyika papo hapo. Walio ndani walitaka libaki, walio nje walitaka livunjwe jioni ileile. Mimi niko ndani, lakini sikunyoosha mkono upande wowote. Tulipotoka mhariri wa jarida hili akanishika bega: "Wewe uliyenyamaza ndiwe utakayetuandikia." Basi ndiyo haya.

Kwa mgeni atakayelisoma jarida hili siku ya wazazi, nieleze kidogo. Mwishoni mwa kidato cha pili, shule yetu iliwachukua wanafunzi 48 wenye alama za juu na kuwaweka katika mkondo mmoja. Jina rasmi la mkondo huo ni la dira ya dunia kama mikondo mingine, lakini hakuna anayelitumia. Sote twasema "darasa la vichwa". Shule nyingi nchini zina kitu cha namna hii, hata kama hazikiri mbele ya wazazi. Marekani nako shule za upili zina madarasa maalum ya wanaofanya vizuri, na shule nyingi huko huyapa uzito zaidi alama zinazopatikana humo, hivyo A ya darasa hilo huhesabiwa kuwa zaidi ya A ya kawaida. Malalamiko ya huko na ya hapa hayatofautiani sana: je, madarasa haya humfanya kijana afikiri zaidi, au humwongezea kazi tu?

Nianze na yanayotendeka humo ndani, maana walio nje hudhani tunalishwa asali.

Tunaamka saa kumi alfajiri, wenzetu wakiwa bado wamejifunika gubigubi. Silabasi ya kidato cha tatu na cha nne tunaikimbiza mpaka imalizike mapema. Ikishaisha, tunarudi kwenye karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na kuzifanya, kuzifanya, kuzifanya. Chukua hesabu kwa mfano. Mtihani wa KCSE una karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50, ya pili ina maswali 8 nawe unachagua 5 ya alama kumi kumi. Sisi tumezifanya karatasi hizo hadi tukisoma mstari wa kwanza wa swali, mkono unaanza kuandika wenyewe. Hili si jambo baya, si haba hata kidogo. Mimi mwenyewe nilipanda kutoka B hadi A kwa njia hiyo. Lakini hebu nikusimulie kilichotupata siku moja.

Alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu kwa mazoezi ya ualimu. Kijana mpole, shati limepigwa pasi likasimama. Siku ya tatu akaingia bila kitabu, akaandika ubaoni: darasani mko 48. Jioni ya kwanza ya muhula, baadhi yenu mlisalimiana kwa mikono na wengine hamkusalimiana. Thibitisheni kwamba wapo angalau wawili waliosalimiana na idadi sawa ya watu.

Kimya kikatanda. Kisha mmoja wetu akauliza lile swali ambalo darasa la vichwa huliuliza kila siku: "Mwalimu, hii hutoka kwenye mtihani?" Akajibu, "Sidhani." Nusu ya darasa ikaweka kalamu chini.

Mimi sikuiweka. Nilijiona bingwa. Nikazidisha 48 kwa 47, nikagawanya kwa mbili, nikapata 1,128, nikapiga mstari chini yake mara mbili, nikampelekea. Akatazama, akatabasamu, akaandika kwa kalamu nyekundu: "Umejibu swali ambalo sikuuliza." Sikuwahi kuandikiwa hivyo tangu nijiunge na shule hii. Nilikasirika, sitaficha.

Siku tatu baadaye, jirani yangu wa dawati, aliyekuwa nambari 44 kati ya 48, alinyoosha mkono. Alieleza hivi. Kila mtu darasani anaweza kuwa amesalimiana na watu 0, au 1, au 2, hadi 47. Hizo ni idadi 48 zinazowezekana, na sisi tuko 48, kwa hivyo yaonekana kila mtu angeweza kupata yake peke yake. Lakini ngoja kwanza. Ikiwa yupo aliyesalimiana na watu 47, basi amesalimiana na kila mtu, na hawezi kuwepo mwenye 0. Na akiwepo mwenye 0, hawezi kuwepo mwenye 47. Hizo mbili haziwezi kukaa pamoja. Kwa hivyo idadi zinazoweza kutumika ni 47 tu, na watu ni 48. Lazima wawili wagongane.

Mwisho. Hakutumia fomula, wala hakuna kitu humo ambacho mtoto wa darasa la nane asingeelewa. Darasa zima lilipiga makofi, na mwalimu wetu wa hesabu, aliyekuwa ameketi nyuma akimkagua mgeni, alipiga makofi kuliko sisi.

Muhula ulipokwisha, jirani yangu alishushwa. Sheria ya darasa letu ni kwamba watano wa mwisho kwa jumla ya alama hutolewa na watano wengine hupandishwa. Kemia na jiografia zilimwangusha. Alibeba vitabu vyake mapumziko ya saa nne, mbele ya macho ya shule nzima, akavuka ua. Nilimsaidia kubeba dawati. Hatukuzungumza njiani.

Nimelifikiria jambo hilo mwaka mzima. Yule aliyeweza kufikiri ndiye aliyetolewa, nami niliyepiga mstari mara mbili chini ya jibu lisiloulizwa nikabaki. Darasa linapima nini basi?

Wako watakaosema dawa ni kulivunja, watu wachanganywe. Polepole. Hapa Kenya jambo hili limewahi kuchunguzwa kwa makini. Mwaka wa 2005, shule 121 za msingi magharibi mwa nchi zilipata mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa uwezo, wenye alama za juu huku na wa chini kule. Katika shule 61 waligawanywa kwa bahati nasibu. Watafiti watatu, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, walichapisha matokeo mwaka wa 2011. Katika shule zilizogawanya kwa uwezo, watoto wa juu walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wa shule zilizochanganya. Na wa chini pia! Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiwango kimoja aliweza kufundisha kwa kiwango chao, asiwaache wengine nyuma wala kuwachosha wengine. Hao walikuwa watoto wa darasa la kwanza, si majitu ya kidato cha nne, lakini funzo tunaweza kulichukua: kugawanya kunafaa iwapo mafundisho yenyewe yanabadilika. Mkigawanywa na wote mkafundishwa yaleyale, ila nyinyi kwa kasi zaidi, mmehamishwa chumba tu.

Na tusidhani kuwa kuketi karibu na vichwa kunatosha. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha mwaka wa 2014 utafiti wao kuhusu shule za kitaifa za hapa kwetu. Waliwalinganisha wanafunzi waliopenya kwa alama chache tu kuingia shule hizo na wale waliokosa kwa alama chache tu wakaenda kwingine. Katika KCSE, hawakuona ushahidi wa tofauti kubwa kati yao. Sote twajua nyimbo zilizoimbwa vijijini mtoto akiitwa shule ya kitaifa, ng'ombe akauzwa na sanduku jipya likanunuliwa. Matokeo hayo yalinifanya niitazame beji yangu ya mkondo kwa jicho jingine.

Changamoto ya kweli basi hufananaje? Mfano ninaoupenda unatoka mbali, Hungaria. Mwaka wa 1894, mwalimu mmoja wa shule ya upili katika mji wa Győr, Dániel Arany, alianzisha jarida la hesabu kwa wanafunzi. Kila mwezi lilichapisha maswali magumu. Si maswali ya silabasi ya mbele, la, magumu kwa kufikiri. Wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi waliyapeleka majibu kwa posta, na majibu mazuri yalichapishwa pamoja na majina ya waliofaulu. Baadaye hata picha za waliofanya vyema zilichapishwa. Aliyelihariri kuanzia 1896 alikuwa mwalimu wa shule vilevile, László Rátz wa Budapest, na mmoja wa wanafunzi aliowafundisha ni John von Neumann, ambaye jina lake mtalikuta mkisoma kuhusu kompyuta. Jarida hilo lingali linatoka. Tazama basi. Hakikujengwa jengo wala hakuna aliyeshushwa mbele ya macho ya shule nzima. Palikuwa na swali zuri, siku nyingi za kulitafakari, na mtu wa kukusomea jibu lako kwa makini.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Huko kuna mitihani ya masomo ya kiwango cha chuo kikuu inayofanywa na wanafunzi wa shule ya upili, ilianza mwaka wa 1956 na husahihishwa kwa gredi za 1 hadi 5. Kwa miaka mingi ilionekana ni ya watoto wa wenye nacho. Kisha katika Garfield High School, mashariki mwa Los Angeles, mtaa wa familia nyingi zenye kipato cha chini, mwalimu Jaime Escalante kutoka Bolivia alianza kuwafundisha kalkulasi vijana ambao watu walidhani hawaiwezi. Mwaka wa 1982 wanafunzi wake 18 walifanya mtihani huo, wote wakapita. Wasimamizi wa mtihani wakashuku udanganyifu katika karatasi 14. Vijana 12 wakakubali kurudia mtihani mwingine, na wote 12 wakapita tena. Filamu ilitengenezwa kuhusu habari hiyo mwaka wa 1988. Kinachonigusa mimi ni kwamba mlango uliachwa wazi. Escalante alijali kama uko tayari kufanya kazi, nambari yako darasani haikuwa hoja yake kubwa.

Hata sisi tulikuwa na nafasi ya namna hiyo. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, palikuwa na kidato cha tano na cha sita. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa waliofanya mitihani ya mwisho ya kidato cha sita mwaka wa 1989. Anasema walisoma masomo machache, wakayachimba hadi mizizi, na mwalimu wao wa fasihi alikuwa akiwaachia maktaba na swali moja kwa wiki mbili. Mjomba hupenda kutia chumvi, lakini hili naliamini. Wiki mbili! Sisi swali likizidi dakika kumi twageuza ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu.

Sasa, msije mkadhani changamoto ni ya hesabu tu. Tuko katika chama cha Kiswahili, na humu ndimo nilimoonja mambo hayo kwa mara ya pili.

Darasani kwetu, anayepata alama za juu za insha ni yule aliyekariri. Unajua zile tamathali na methali za kufungulia? Tunazo daftarini, zimepangwa kama risasi. Insha iwe ya ajali, ya arusi au ya ufisadi, mwanzo ni uleule, jua lachomoza na ndege wanaimba. Mwalimu wetu wa Kiswahili alichoka nazo. Jumatano moja chamani akauliza: "Mbona mwasema rafiki yangu amekuja, wala hamsemi rafiki wangu? Na mbona mwasema mwanafunzi wangu, si mwanafunzi yangu? Wote si watu?"

Tukajibu kwa pamoja, "Ni ngeli, Mwalimu!"

"Ngeli gani? Kitenzi chasema a-, kimiliki chasema ya-. Mtu mmoja ana ngeli mbili?"

Tukanyamaza. Yeye badala ya kutuambia, akatutuma tukakusanye maneno kwa wiki moja. Tukayakusanya: baba yangu, mama yangu, dada yangu, shangazi yangu, ndugu yangu, jirani yangu, adui yangu. Halafu: mtoto wangu, mke wangu, mpenzi wangu. Mmoja wetu akasema kwa kujiamini, basi neno likianza na m- ni "wangu", lisipoanza na m- ni "yangu". Mwingine akamwangusha dakika hiyohiyo: "Na kijana wangu? Na kiongozi wetu?" Tukasema sawa, yawezekana ni umbo la neno, yale yasiyo na kiambishi cha mwanzo, kama nomino za ngeli ya I-ZI, ndiyo huchukua "yangu". Akaja mwingine na "daktari wetu", "rais wetu", "waziri wetu". Hayo nayo hayana kiambishi! Hapo ndipo tukagundua kwamba waliobaki upande wa "yangu" ni watu wa ukoo na uhusiano, jamaa, rafiki, jirani, hata adui, na wenye vyeo wamekwenda upande wa "wangu". Kisha mtu akauliza: kama ni hivyo, mbona vitabuni twasoma "rafiki wa Juma", si "rafiki ya Juma"? Tukagawanyika tena, na "mbwa zangu" au "mbwa wangu" ndiyo ilitufanya tukose chai.

Hatukufika mwisho wa swali lile. Mwalimu alisema waziwazi kwamba yeye pia ana mawili matatu yasiyomtulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwalimu akikiri hivyo mbele yetu, na heshima yangu kwake ilipanda ngazi tatu. Na jambo moja nililiona: walioongoza mjadala ule hawakutoka darasa la vichwa. Wawili walitoka mkondo ambao wengine, samahani kwa kusema, huuita "jalala".

Basi maoni yangu kwa baraza, na kwa walimu wetu tunaowaheshimu, ni kwamba darasa lisivunjwe, bali libadilishwe lilivyo ndani. Badala ya karatasi tano za zamani kwa wiki, ziwe tatu, na muda uliobaki upewe swali moja au mawili yasiyo na mwongozo wa kusahihishia. Mtu akizidiwa na kemia asitolewe hesabu. Kama anaiweza hesabu, ajiunge na vichwa kwa vipindi vya hesabu na kemia aifanye na wengine. Najua ratiba itamsumbua mwalimu anayeipanga, lakini maabara na vyumba vyetu vimewahi kupangwa kwa shida kubwa kuliko hiyo. Atakayetaka kujaribu aombe mwenyewe kila muhula, akipendekezwa na mwalimu wa somo, hata kama nambari yake ni ya 120. Na ule mtindo wa kuvuka ua na dawati saa nne asubuhi ukome kabisa.

Walimu wawili niliowaeleza walinipinga, na pingamizi zao zina uzito. Wa kwanza aliniuliza nani atasahihisha majibu yasiyo na mwongozo, naye ana vipindi vingi na daftari zaidi ya mia mbili. Kweli. Ndiyo maana nasema swali moja kwa wiki, si kumi, na wanafunzi wenyewe wasomeane majibu kabla ya kumfikia mwalimu. Wa pili alisema wazazi wanalipa karo ili waone wastani wa shule ukipanda, si ili watoto wapeane mikono ubaoni. Kwake nilikosa la kusema hapo hapo. Nilifikiria baadaye kwamba hata KCSE ina maswali ambayo hayajawahi kuulizwa, na hapo ndipo sisi vichwa huanguka na kuja kulia bwenini. Lakini siwezi kumwahidi mzazi yeyote kwamba wastani utapanda mwaka wa kwanza.

Haraka ya nini, mtauliza. Sisi wa 8-4-4 tunamalizika. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023, na waliotoka humo wakaingia kidato cha kwanza mwaka wa 2024 ndio wa mwisho watakaofanya KCSE, mwaka wa 2027. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wana njia zao tatu: ya sayansi, teknolojia na hesabu, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Nao watapangwa na kupangwa upya kama tulivyopangwa sisi. Tukiwaachia ile tabia ya kuuliza "hii hutoka kwenye mtihani?" wataipokea kama wanavyopokea madawati yetu yaliyochongwa majina.

Huku baraza likiendelea kukaa na kukaa, chama chetu hakikungoja. Jirani yangu wa zamani wa dawati, ambaye sasa yuko mkondo mwingine, amekubali kushirikiana nami. Tumepewa nusu ya ubao wa matangazo ulio nje ya maktaba. Kila Jumatatu tutabandika swali moja, wiki hii la hesabu, wiki ijayo la lugha. Mwanafunzi wa mkondo wowote ajibu, hata wa Gredi ya 10, hata mwalimu. Jibu litakalotupendeza litachapishwa katika jarida la mwaka ujao pamoja na jina la mwenyewe.

Swali la kwanza ni hili. Ubao wa drafti una vyumba 64, vyeupe na vyeusi. Kata vyumba viwili vya pembeni vinavyotazamana kimshazari, vibaki 62. Sasa una vipande 31 vya kadibodi, kila kimoja kinatosha kufunika vyumba viwili vilivyopakana. Je, waweza kuufunika ubao wote bila kupandanisha wala kukata kipande? Kama waweza, chora. Kama haiwezekani, eleza kwa nini, na usituambie tu kwamba umejaribu mara hamsini. Majibu yatumbukizwe katika sanduku la chama kabla ya Ijumaa ya wiki ya sita.